Mkurugenzi Asiye na Mume: Lugha na Jinsia katika Filamu ya Sluzhebny roman

Filamu ya Eldar Ryazanov, Sluzhebny roman (yaani Mapenzi ya Kazini, 1977), imezoeleka kutazamwa kama kichekesho cha mwanamke mkali anayelainishwa na mapenzi. Mtazamo huo si wa uongo, ila unaishia kwenye mavazi. Mzaha wake umejengwa kwanza katika kauli ya msimulizi.

Msimulizi ni Anatoly Novoseltsev, mtakwimu wa Moscow anayelea wanawe wawili peke yake. Anapomtambulisha mkuu wake, Lyudmila Kalugina, anasema kuwa hufika kazini kabla ya wote na kuondoka baada ya wote; kutokana na hilo anahitimisha kuwa hana mume. Bidii inageuzwa ushahidi wa upungufu. Novoseltsev mwenyewe, asiye na mke, hapimwi kwa mantiki hiyo.

Kirusi huubeba mzaha huu kisarufi. Nomino direktor ni ya jinsi ya kiume hata mwenye cheo akiwa mwanamke. Kiswahili hakina mvutano huo: mkurugenzi, kama nomino nyingine za ngeli ya A-WA, haibainishi jinsi. Hata hivyo, kinachopotea katika nomino hurejea katika kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mfasiri akiandika “hajaolewa”, tayari amemfanya Kalugina, anayeamrisha ofisi nzima, kuwa mtendwa. Kirusi nacho hutenganisha: mwanamume ana kitenzi chake, mwanamke “hutoka kwenda nyuma ya mume”. “Hana mume” ni tafsiri kavu kidogo, lakini haimpokonyi utendaji.

Udhaifu wa filamu unajitokeza pale Kalugina anapofundishwa na katibu wake, Verochka, namna ya kutembea na kuvaa. Mwanamke hubadilishwa mwili. Novoseltsev hubadilika ulimi tu, akapata ujasiri wa kusema. Kwa upande mwingine, mkasa wa Ryzhova, ambaye barua zake za mapenzi zinakabidhiwa chama cha wafanyakazi na Samokhvalov, mwanamume aliyeandikiwa, unakaribia kukizima kicheko kabisa. Hapo Ryazanov anaonekana kujua vyema nani hulipia umbea wa ofisini.

Maandishi ya mwisho yanatuarifu kuwa miezi tisa baadaye familia ya Novoseltsev ilikuwa na wavulana watatu. Kuhusu kiti cha mkurugenzi hayasemi neno.