Lupini za Russell: siri ilikuwa kung'oa

Ukipanda mbegu za lupini ulizochuma bustanini mwako, usitarajie maua yaliyo sawa na ya mmea mama. Lupini za kudumu hupokea chavua za jirani, hivyo huwezi kujua kila mche umemrithi baba gani. Wanaotaka rangi ileile hukata chipukizi za shinani na kuzipandikiza. George Russell, mtunza bustani wa York, Uingereza, aliona faida katika mchanganyiko huohuo.

Kabla ya kazi yake, lupini za Uingereza zilitokana zaidi na Lupinus polyphyllus, mmea wa Amerika Kaskazini uliopelekwa Uingereza na David Douglas katika miaka ya 1820. Mashada yake yalikuwa membamba, mengi ya bluu. Kuanzia mwaka 1911 hivi, Russell alikusanya mbegu za aina mbalimbali akazipanda pamoja kwenye vipande vya ardhi alivyokodi. Hakuchavusha kwa mkono. Kazi hiyo aliwaachia nyuki wakubwa wenye manyoya. Nyuki mzito anapotua, petali za chini huinama na chavua husukumwa nje, ikampaka tumboni. Anaondoka nayo hadi ua jingine.

Ustadi wa Russell ulikuwa katika kung'oa. Mche wenye shada legevu au rangi hafifu hakuubakiza, na mbegu za msimu uliofuata zilitoka kwa mimea bora pekee. Kwangu mimi, wengi wanaomwiga hukosea wakati. Ukingoja maua yanyauke ndipo ung'oe, chavua za mmea dhaifu zimeshafika kwenye ua la mmea bora. Shada la lupini hufunguka kuanzia chini. Maua machache ya kwanza yanatosha kukuonyesha rangi. Amua siku hiyohiyo.

Mwaka 1937, akikaribia miaka 80, Russell alizionyesha lupini zake hadharani: mashada manene, nyekundu, njano, mengine yenye rangi mbili katika ua moja. Ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka 20.

Ukitaka kujaribu, chuma maganda yakishakuwa ya kahawia, kabla hayajapasuka na kurusha mbegu. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo likwaruze kidogo kwa msasa, kisha loweka mbegu usiku kucha. Panda miche mingi kuliko utakayobakiza, kwa sababu uzao usiochujwa hurudi polepole kwenye bluu, na mwenye miche sita hana cha kuchagua.