Jiwe Halina Kinywa

Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makanisani tumeipokea kana kwamba ni amri ya kumi na moja. Likizuka bishano juu ya lililoamuliwa kikaoni, daftari la katibu hufunguliwa, na mama asiyejua kusoma hunyamaza, hata kama alikuwepo na anakumbuka vizuri. Je, Maandiko yanatufundisha hivyo?

Yoshua 4 yaeleza jinsi mawe kumi na mawili yalivyotolewa Yordani yawe ukumbusho. Wahubiri wengi huishia kwenye mawe. Lakini sura hiyo yataja mara mbili kwamba watoto watauliza maana yake, na wazazi watajibu. Jiwe halina kinywa. Linaamsha swali tu. Kumbukumbu yenyewe imo katika jibu.

Ukitaka kujua alama isiyo na maelezo huleta nini, soma Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo yalijenga madhabahu kubwa iwe ushahidi kwamba nao ni watu wa Bwana. Ndugu zao walipopata habari walidhani ni uasi, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Vita viliepukwa kwa sababu Finehasi na wakuu kumi walikwenda kwanza kuuliza, wakasikiliza.

Wazee wetu wa Afrika walilijua jambo hili. Waluba wa Kongo wana lukasa, ubao wenye shanga. Mjuzi aliyefundishwa hupitisha kidole juu yake huku akisimulia habari za wafalme. Asiyefundishwa huona shanga tu.

Mwaka 1991 nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba vya wanawake, wengi wao wasiojua kusoma, na hesabu ilitunzwa kichwani. Vikundi vya namna hiyo vilienea hadi kwetu. Katika vingi, salio hutangazwa mwisho wa kikao ili kila mmoja alishike. Kikao kinachofuata wanachama hulitaja, ndipo fedha zihesabiwe. Aliyeshika ufunguo hawezi kusema lake peke yake.

Hata hivyo tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Kumbukumbu ya mdomo hupindwa na mwenye sauti kubwa, kama vile daftari linavyopindwa na mwenye kalamu. Kinachotulinda ni mashahidi wengi, waliosikia pamoja na kurudia pamoja.

Mitume hawakuidharau kalamu. Katika Matendo 15, baraza la Yerusalemu liliandika barua. Lakini pamoja na barua lilimtuma Yuda na Sila, waseme maneno yale yale kwa vinywa vyao. Na huko Antiokia barua haikuishia mikononi mwa viongozi. Mkutano wote ulikusanywa ukaisikia.

Basi kosa letu si kuwa na daftari. Kosa ni kumwachia mtu mmoja kumbukumbu ya wote, kisha kuiita ya kanisa. Kabla ya sala ya kufunga kikao, kila uamuzi na usemwe kwa sauti na mtu asiye katibu. Na kikao kijacho kikifunguliwa, kabla muhtasari haujasomwa, aulizwe kwanza yule mama asiyejua kusoma: tulikubaliana nini?