Nani Atendaye? Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Yambwa na Vitenzi-jina Vingi

Katika ufundishaji wa Kiingereza, vitenzi kama "allow", "enable" na "require" aghalabu huwekwa katika orodha ya kukaririwa, na anayekosea huhesabiwa kuwa hakukariri vya kutosha. Makala haya yanahakiki mtazamo huo. Tunadai kwamba kosa lina mantiki yake, na kwamba athari zake huvuka darasa na kuingia katika maandishi ya sera.

Tuanze na yambwa. Kiswahili hukubali "sheria inaruhusu kukata rufaa" bila kumtaja mkata rufaa. Kifaransa nacho, kwa kitenzi "permettre", hukubali muundo wa namna hiyo. Hivyo msomi wa Rwanda, ambako Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia mwaka 2008, huweza kuvutwa na lugha mbili kuelekea kosa moja. Kiingereza sanifu hukataa "the law allows to appeal" na hudai yambwa: "the law allows a tenant to appeal". Hapo mfasiri hana budi kuuliza: anayeruhusiwa ni mpangaji pekee, au na mwenye nyumba? Anaweza kukwepa kwa nomino, "allows appeals", lakini ajue ameliacha swali wazi. Suala la sarufi limekuwa suala la haki.

Vitenzi-jina vinapofuatana, tatizo hugeuka. Tutazame sentensi hii: "The Council shall require states to submit reports and publish them." Nani atachapisha: nchi au Baraza? Kurudia "to" kabla ya "publish" huonyesha kuwa ni nchi. Tafsiri isemayo "Baraza litazitaka nchi ziwasilishe ripoti na kuzichapisha" huhifadhi utata uleule, kwa kuwa kiambishi "ku-" hakimtaji mtenda. Kiswahili kina dawa yake: "na zizichapishe" kwa nchi, "na lizichapishe" kwa Baraza.

Hatusemi kwamba orodha hazina kazi. Kwamba husemwa "made them wait" lakini "they were made to wait" ni jambo la kukariri tu. Maana haitoshi kulieleza. Udhaifu wa orodha ni kuyafanya yote yawe ya namna hiyo, na hivyo kumficha mwanafunzi swali la mtenda, ambalo lugha yake mwenyewe imeshamzoeza kulijibu kwa viambishi.

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Vifungu vyetu vitaendelea kusafiri kati ya lugha hizi. Tunapendekeza kwamba walimu wafundishe miundo hii kwa kulinganisha, na wahariri wa sera wakiulize kila kitenzi-jina, katika lugha zote mbili, mtenda wake ni nani.