Riziki na Wito: Tathmini ya Mawazo ya J. K. Galbraith juu ya Ajira

Katika kitabu chake The Affluent Society, kilichotolewa mwaka 1958, mchumi John Kenneth Galbraith (1908–2006) aliwakabili Wamarekani kwa swali zito: ikiwa taifa limekwisha kuwa tajiri, kwa nini lizidi kuhangaikia ongezeko la bidhaa kana kwamba bado lina njaa? Twakusudia hapa kulipima jibu lake kuhusu ajira, maana ndipo penye nguvu ya kitabu na upungufu wake pia.

Galbraith aonyesha kwamba mafundisho makuu ya uchumi yalizaliwa katika dunia ya uhaba, yakarithiwa na dunia ya wingi pasipo kuchunguzwa upya. Katika nchi tajiri, asema, bidhaa nyingi hazijibu haja iliyokuwapo; matangazo ya biashara huiumba haja kwanza. Basi kwa nini uzalishaji uendelee kutukuzwa? Kwa sababu kiwanda kikisimama, mfanyakazi hupoteza riziki. Wamarekani walikuwa hawajausahau mwaka 1933, ambapo takribani robo ya nguvukazi yao ilikosa kazi. Hivyo bidhaa hutengenezwa ili mtengenezaji apate mshahara, hata kama mnunuzi angeweza kuishi vema bila hiyo. Wakati huohuo shule, barabara na usafi wa miji hupuuzwa.

Uchambuzi huu twaukubali kwa sehemu kubwa. Ni kweli kwamba Friedrich Hayek alimjibu mwaka 1961 kuwa haja nyingi njema, kama ile ya fasihi, nazo twafundishwa na wenzetu, wala hazipungukiwi thamani kwa hilo. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kufundishwa kupenda kitabu na kushawishiwa kununua gari jipya kila mwaka si mamoja, na jamii isiyopambanua mambo hayo mawili imepoteza kipimo chake cha maadili.

Shaka yetu i katika dawa. Galbraith apendekeza kwamba fidia ya wasio na kazi ikaribie mshahara, ipande ukosefu wa kazi unapozidi na kushuka unapopungua. Hapo riziki yatenganishwa na uzalishaji. Lakini je, asiye na kazi hukosa riziki tu? Hukosa pia kuhitajiwa na jirani zake. Katika mfano wa Mathayo 20, vibarua waliosimama sokoni hadi jioni walilipwa dinari kamili pasipo kuhesabiwa saa zao. Lakini mwenye shamba hakuwapelekea dinari pale sokoni. Aliwaita shambani.

Na shamba lilikuwapo. Galbraith mwenyewe alilionyesha: ni zile huduma za umma zilizopuuzwa. Ila fidia na huduma hizo amezijadili mbalimbali, wala hakuziunganisha inavyopasa. Kwamba zaweza kuungana, historia ya Marekani yashuhudia: mpango wa Works Progress Administration, kati ya 1935 na 1943, uliajiri zaidi ya watu milioni 8 kwa nyakati mbalimbali, wakajenga barabara, madaraja na shule.

Kitabu hiki chastahili kusomwa na kila anayefundisha maadili ya jamii. Asomaye akumbuke tu kwamba anayemlipa asiye na kazi na kumwacha pembeni, na anayempa kazi isiyomfaa mtu yeyote, wote wawili hawajamwuliza ana karama gani.