Kadi Ilikuwa Nyepesi, Uamuzi Ukawa Mbovu

Mandela hakuwa na kazi pale. Nililisema Jumamosi pale Sosiot hata kabla rekodi ya mtihani wa majaribio haijaisha, na nalirudia kwa nyote mlioisikiliza kwenye grupu: muuguzi wetu alikuwa na bendi ya 7 mkononi, akaitupa mwenyewe katika Sehemu ya Pili ya mtihani wa kuzungumza Kiingereza.

Sehemu ya Kwanza aliicheza safi, sina neno.

Sasa twende kwenye kadi ya Sehemu ya Pili. Aliambiwa aeleze mtu aliyemfunza jambo muhimu. Ana dakika moja ya kujiandaa, karatasi na penseli, kisha azungumze hadi dakika mbili. Karatasi ile nimeishika. Juu kabisa ameandika, kwa Kiingereza kizuri tu: shangazi, kikapu, umande, majani mawili na chipukizi. Mambo manne, na hotuba nzima imo humo. Nani, wapi, asubuhi gani, mkono unakwenda vipi kwenye mchai, kwa nini jani gumu hurudishwa kituoni. Kisha akayakata yote kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika jina moja: Mandela.

Kwa nini? Kwa sababu ana hotuba ya Mandela kichwani, ameikariri kwenye kitini fulani kinachozungushwa kwa wanafunzi kama dawa ya kila ugonjwa. Mlisikia matokeo. Kama sekunde hamsini hivi alisoma risala, sauti imenyooka, hakuna kupumua. Halafu sentensi ikakatika. Badala ya kuiunga, akarudi mwanzo wa aya na kuianza upya, neno kwa neno lile lile. Mtahini hahitaji ushahidi mwingine.

Pigo la pili lilikuwa swali dogo la kufungia: na wewe binafsi, alikufunza nini? Kimya. Angejibu nini, wakati Mandela hakuwahi kumfunza kuchuma chai? Shangazi angemvusha hapo, na angemfikisha Sehemu ya Tatu, ambako kadi kama hii huzaa maswali ya wazee kuwafunza vijana, na ya stadi zinazopotea mashine zinapoingia. Mtu wa eneo la chai kama Belgut anakosaje la kusema kuhusu mashine za kuchuma chai?

Hesabu ya mtihani huu mnaijua. Vigezo ni vinne: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Vyote vina uzito sawa, na alama ni wastani wake. Mwenye kukariri anaogopa kusita, ndiyo maana anakariri. Lakini someni vigezo vilivyochapishwa: bendi ya 7 inamruhusu mtu kusita mara mojamoja, kujirudia kidogo na kujisahihisha. Sentensi za kukariri zinatajwa waziwazi huko chini, kwa mfano bendi ya 3 kwenye sarufi. Alikimbia kosa linalosamehewa akaangukia lisilosamehewa.

Lawama yangu ya zamani inabaki palepale: ugonjwa huu huanzia kwenye insha za shule ya msingi. Tumelea watoto wa kukariri vianzio, jua linachomoza vilevile katika kila insha, na mwalimu anatia vyema. Ndugu wa ugonjwa huo ni tweng', ile lafudhi ya kuazima inayouzwa kwa saa. Mkipsigis akichanganya p na b hadi msikilizaji apotee, hilo lifanyiwe mazoezi, kwani Kikalenjin hakizitenganishi sauti hizo kama Kiingereza. Ila lafudhi yenyewe haina adhabu mradi unaeleweka. Msikilizeni Eliud Kipchoge akihojiwa: sentensi fupi, pole pole, Kinandi kimo ndani, na dunia nzima inamwelewa.

Na si huyu wetu peke yake. Novemba 2021, miezi michache baada ya mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya Uingereza, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Wengine watashuku njama. Mimi nashuku vitini. Hawa ni watu wanaoandika ripoti za zamu kwa Kiingereza kila siku. Lugha wanayo, walichokosa ni mazoezi ya kujibu swali lililo mbele yao.

Wazee walikuwa na mazoezi hayo. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho, alifika Lancaster House mwaka 1960 kwenye mazungumzo ya katiba, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha isimu ya Kikalenjin. Kule London hakuna aliyempa kitini. Ukienda kubishana na serikali ya mkoloni, unasema unachokijua, kwa maneno yako.

Hukumu yangu: Sehemu ya Kwanza 7, jumla 5.5. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka 7 kwenye kuzungumza, kwa hiyo angekuwa kwenye mtihani halisi Nairobi angerudi nyumbani kupanga kulipa ada upya. Na ada hiyo, kwa wengi wenu, hutoka kwenye bonasi ya majani ya chai, na ile kubwa huja mara moja tu kwa mwaka.