Todd Duncan: Mwimbaji na Mwalimu

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Msomaji, methali hii yafaa kupimwa kwa maisha ya Todd Duncan, mwimbaji mweusi wa Marekani. Mwaka 1936 alitakiwa kuimba katika mji wa Washington, alimokuwa akikaa na kufundisha, katika ukumbi ambao wanafunzi wake mwenyewe hawakuruhusiwa kuingia na kuketi. Jinsi alivyolijibu jambo hilo ni sehemu ya sanaa yake, na asiyelijua hawezi kumhukumu kwa haki.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema, na ala nyingi za muziki huwafuata. Sauti kuu za wanaume ni tatu: tenori iliyo juu, besi iliyo chini, na baritoni iliyo kati ya hizo mbili. Aghalabu tenori hupewa kijana apendaye na kupendwa. Baritoni hupewa baba, hasimu, mwenye wivu au mwenye majuto. Kwa hiyo mwimbaji wa baritoni hana budi kuujua moyo wa binadamu katika hali zake ngumu.

Duncan alizaliwa mwaka 1903 huko Danville, katika jimbo la Kentucky. Alisoma Butler huko Indianapolis, kisha Columbia huko New York, akawa mwalimu wa uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtu mashuhuri, na jambo hili lataka kukumbukwa. Mtunzi George Gershwin alipokuwa akitafuta mtu wa kuimba nafasi kubwa katika opera yake mpya, Porgy and Bess, aliletewa habari za mwalimu huyu. Duncan alimwimbia wimbo wa kale wa Kiitalia. Kwa simulizi yake mwenyewe, kabla wimbo haujafika mbali Gershwin alimwuliza kama angekubali kuwa Porgy. Naye akajibu kwamba sharti ausikie muziki kwanza. Hakusema hivyo kwa kiburi. Mwalimu hasifu daftari ambalo hajalifungua.

Opera hiyo ilianza kuonyeshwa New York mwezi wa Oktoba 1935. Porgy ni mwombaji aliyelemaa miguu, akaaye katika mtaa wa watu maskini huko Charleston. Duncan aliicheza nafasi hiyo akiwa amepiga magoti. Fikiri, msomaji, ugumu wa kazi hiyo: pumzi ya mwimbaji hutoka tumboni na kifuani, na mwili uliokunjwa huibana. Hata hivyo aliimba hivyo zaidi ya mara 1,800 katika maisha yake. Katika sahani za santuri alizoimba mwaka 1940 pamoja na Anne Brown, mwenziwe wa tangu mwanzo, twasikia sauti nzito isiyosukumwa kwa nguvu, na kila neno hutoka wazi kama la msemaji hodari.

Wapo waliomlaumu, na lawama yao si ya kudharauliwa. Walisema kwamba mchezo huu uliandikwa na weupe, nao wawaonyesha weusi kama watu wa kamari, visu na ulevi. Waimbaji wenye elimu ya juu walilazimika kucheza kama waombaji, kwa kuwa milango mingine ya opera ilifungwa mbele yao. Hata sahani za kwanza za opera hiyo, mwaka 1935, ziliimbwa na waimbaji weupe, ijapokuwa jukwaani walikuwa weusi. Lawama hii ni ya kweli, lakini yawahusu wenye milango kuliko mwimbaji. Duncan alipewa picha ya mlemavu wa kuhurumiwa, akaigeuza kuwa picha ya mtu wa kuheshimiwa. Muziki wa Gershwin ulimpa nafasi ya kufanya hivyo, naye hakuipoteza.

Sasa turudi Washington. Mchezo ulipotakiwa kuonyeshwa katika Ukumbi wa National mwaka 1936, Duncan alikataa kuimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi zao. Anne Brown alikataa pamoja naye. Wenye ukumbi walitoa masharti ya nusu nusu, na Duncan akayakataa yote, mpaka watu wa rangi zote wakaruhusiwa kununua tiketi na kuketi popote. Mtu yule aliyepiga magoti kila usiku jukwaani hakukubali kupiga magoti nje ya jukwaa. Hata hivyo tusitie chumvi: kundi lilipoondoka, ukumbi uliirudia desturi yake mbaya. Ushindi wa juma moja haukuondoa ubaguzi. Ulionyesha tu kwamba waweza kuondolewa.

Mwaka 1945 Duncan alikuwa mweusi wa kwanza kuimba katika New York City Opera, akiwa Tonio katika Pagliacci, opera ya Leoncavallo. Waandishi wengi hukomea katika neno hilo, "wa kwanza". Mimi naliona kuwa ni sifa pungufu. Kuwa wa kwanza hakupimi sauti ya mtu, bali huonyesha ni muda gani mlango ulikuwa umefungwa. La kutazamwa ni nafasi yenyewe. Tonio, kama Porgy, ana mwili wenye kasoro. Lakini Porgy hupenda bila kudhuru, na Tonio hukataliwa akalipiza kisasi. Tena Tonio ndiye atokaye mbele ya pazia kuwaambia watazamaji kwamba wachezaji nao ni watu wa damu na nyama. Hapana shaka maneno hayo yalikuwa na uzito mwingine katika kinywa cha mtu aliyenyimwa jukwaa kwa rangi yake.

Mwaka 1949 aliimba nafasi ya Stephen Kumalo katika Lost in the Stars, muziki wa Kurt Weill uliotokana na kitabu cha Alan Paton juu ya Afrika ya Kusini. Kumalo ni kasisi mweusi aendaye Johannesburg kumtafuta mwanawe, akamkuta ameua mtu. Porgy, Tonio na Kumalo ni watu watatu walioumizwa, kila mmoja kwa namna yake. Sauti moja iliwatosha wote.

Baada ya hayo Duncan alifundisha nyumbani kwake Washington kwa miaka mingi, hata alipopita umri wa miaka 90. Alifariki mwaka 1998. Wako wadhanio kwamba mwimbaji hufundisha kwa sababu sauti imemwishia. Kwa Duncan dhana hiyo haisimami, kwa kuwa alianza kwa kufundisha akamaliza kwa kufundisha, na jukwaa lilikuwa katikati. Kazi ya mwalimu wa sauti haina makofi: ni kusahihisha pumzi, kulegeza shingo na ulimi, na kurudia irabu moja mara mia mpaka iwe safi. Makofi hupewa mwanafunzi, miaka mingi baadaye.

Wewe usomaye haya darasani, ukiulizwa Todd Duncan alikuwa mkubwa kwa lipi, usijibu kwa haraka kwamba ni kwa Porgy. Jukwaani alihifadhi heshima ya watu aliowaigiza. Mlangoni alitetea haki ya watu waliokuja kumsikiliza. Na katika chumba chake cha kufundishia aliwaachia wengine alichokuwa nacho. La kwanza lilimpa jina. Mawili yaliyobaki ndiyo yaliyompa haki ya kulibeba.