Ngoma ya Rumanyika na nguvu za Superman

Mtunzi wa hadithi za majabari ana swali moja la kiufundi ambalo hawezi kulikwepa: nguvu hizi zimetoka wapi? Akilijibu vibaya, msomaji anamtupa mkono.

Ufalme wa Karagwe, katika Kagera ya leo, ulikuwa na jibu lake. Mvumbuzi Mwingereza Speke alifika Bweranyange, makao ya mfalme, Novemba 1861, na katika kitabu chake cha 1863 akaandika alivyosimuliwa kuhusu urithi wa kiti baada ya kifo cha Omukama (mfalme) Ndagara. Wanawe watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi mno, lakini iliyosheheni dawa. Wawili walihangaika nayo wasiweze hata kuisogeza. Wa tatu, Rumanyika, akainyanyua kwa kidole chake kidogo bila kutoka jasho.

Tazama ufundi wa kisa hicho. Hakuna anayesema Rumanyika alikuwa na misuli kuwazidi ndugu zake. Uzito wa ngoma ndio unaobadilika, na unabadilika kwa kumtambua anayeishika. Nguvu hapa ni hukumu. Speke huyohuyo anaeleza pia kwamba katika vita na nduguye Rogero, Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Kaze, Tabora ya leo, kwa watu wenye bunduki. Kisa cha ngoma hakitaji bunduki hata moja. Kwa maoni yangu, kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kuugeuza ushindi wa risasi uwe haki.

Nusu karne baadaye, Marekani ilikuja na jibu jingine. Mwaka 1912 All-Story, jarida la bei nafuu la hadithi za kusisimua, lilichapisha hadithi mbili za Edgar Rice Burroughs. Ya pili ilikuwa ya Tarzan. Burroughs alieleza kwamba alipoiandika alitegemea kamusi ya bei ya chini pamoja na kitabu cha mvumbuzi Stanley cha 1890, In Darkest Africa. Ndani ya kitabu hicho Stanley anapita Karagwe mwaka 1889, hadi kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo Wilaya ya Kyerwa. Tarzan hakutoka Mtagata, lakini Karagwe ilikuwa ndani ya kitabu kilichokuwa mezani alipokuwa akizaliwa, na watu wa Kagera tuna haki ya kulijua hilo.

Hadithi ya kwanza, ya John Carter, ndiyo iliyobadilisha ufundi wenyewe. Carter ni askari anayejikuta kwenye sayari ya Mirihi, ambako nguvu ya mvutano ni kama asilimia 38 ya ile ya duniani. Anajaribu kutembea, anajikuta hewani, kisha anaanguka. Akikimbia hatari, anaruka kama mita 9 juu na kutua mita 30 mbele. Dawa zimeondoka. Uzito sasa unategemea ulipo, na yeyote kati yetu akipelekwa Mirihi ataruka vivyo hivyo.

Jerry Siegel wa Cleveland, mtunzi wa Superman, alimsoma Carter na hakuficha deni hilo. Alichofanya ni kugeuza safari: mgeni kutoka Krypton, sayari kubwa kuliko yetu, aje duniani. Superman wa Action Comics toleo la kwanza, Juni 1938, hapai angani. Anaruka tu, kiasi cha mita 200. Maelezo yake yanataja chungu anayebeba mzigo kuuzidi mwili wake mara nyingi, na panzi anavyoruka, mfano ambao msomaji wa Kayanga anaukubali bila ubishi msimu wa senene. Mwaka 1939 mvutano wa sayari ukatajwa waziwazi. Baadaye hata wahariri walihama: Mort Weisinger na Julius Schwartz walitoka kwenye hadithi za kisayansi wakaingia kwenye katuni.

Fizikia haikutosha. Superman alipoanza kupaa, hesabu ya mvutano ilivunjika. Agosti 1962 watunzi wa katuni Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby wakamleta Thor mwenye nyundo ambayo hakuna awezaye kuinyanyua ila anayestahili. Sharti hilo halimo katika visa vya kale vya Skandinavia; walilitia wao. Hukumu ikarudi mahali pake, kwa ufundi uleule wa ngoma ya Bweranyange.

Naiona Karagwe ilikwenda mbali zaidi. Speke aliambiwa kuhusu jaribio jingine: mtawala mpya huketi mahali maalumu, ardhi ikapanda naye hadi mawinguni. Mizimu ikimkubali, inamshusha polepole. Ikimkataa, ardhi inaporomoka naye. Nguvu inayoweza kumuua mwenye nayo ndiyo inayomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata, na katuni nyingi za Marekani hazithubutu kufika hapo.

Wachoraji chipukizi wa Kayanga na Nkwenda, kichoreni kisa hiki kabla hamjachora joho jingine jekundu. Na bunduki za Musa Mzuri msizifiche.